Kabla ya kuchuma jani, tuulize fangasi yuko wapi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilikwenda kunyoa kwa kinyozi mwenye kibanda karibu na soko hapa Mikindani, na nilipoinua kichwa nikaona kwenye kona ya kioo chake pamebandikwa kipande cha gazeti lako. Kilikatwa kutoka ukurasa wa afya na kilikuwa na orodha ya dawa za asili za fangasi wa ngozi: kitunguu saumu, siki, mwarobaini, manjano, mafuta ya nazi, maji ya ndimu, na mwishoni sentensi moja iliyosema kwamba vyote hivyo havina madhara kwa kuwa ni vya asili. Kinyozi aliniambia kuwa amekibandika makusudi, maana wazazi wanaomletea watoto wenye mapunye humwuliza dawa, naye badala ya kueleza kila siku huwaonyesha kioo. Kabla ya kustaafu na kurudi kwenye mikorosho yangu nilifanya kazi ya utabibu katika zahanati za mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, na wagonjwa wa ngozi ndio walionijaza benchi asubuhi kuliko wengine wote baada ya wale wa homa. Ninaomba nafasi ya kueleza kilichokosekana katika kipande kile, kwa sababu kinasomwa sasa na watu ambao hawakununua gazeti.

Niseme mapema kwamba siandiki kuwakejeli wanaotumia majani. Nyuma ya nyumba yangu kuna mwarobaini, na mke wangu huutumia bila kuniomba ruhusa. Ugomvi wangu ni na neno moja, nalo ni hilo “fangasi”, lililotumika kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye makao mamoja. Watu wetu wa pwani, hata kabla ya kuingia kwa neno hilo, walikuwa na majina mengi, na majina hayo yalikuwa na akili ndani yake. Choa ni lile duara linalotoka mwilini, mkononi, shingoni au mgongoni, lenye ukingo ulioinuka na kuwasha. Mapunye ni ya kichwani, hasa kwa watoto. Mba, ukiacha ule wa nywele, ni yale madoa mepesi meupe au ya kahawia yanayotapakaa kifuani na mabegani wakati wa joto. Kuna pia wale wa katikati ya vidole vya miguu, na wale wa mapajani na kwenye kinena ambao wanaume wengi huwaficha hadi washindwe kutembea. Choa, mapunye na hao wa vidoleni husababishwa na fangasi wanaokula keratini, ile protini inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Mba wa mwilini unatokana na fangasi mwingine kabisa, wa jamii ya hamira, ambaye huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kwa hiyo dawa inayofaa mahali pamoja inaweza kuwa kazi bure mahali pengine, na mara nyingine ikamlisha adui.

Nianze na mapunye, kwa kuwa ndiyo yaliyokifanya kipande kile kibandikwe kwenye kioo cha kinyozi, na ndiyo ambayo orodha yote ile, tangu kitunguu saumu hadi ndimu, haiwezi kuyaponya. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Fangasi wa mapunye hakai juu ya ngozi ya kichwa peke yake. Huingia ndani ya shina la unywele na kushuka nalo kuelekea kwenye mzizi wake. Ndiyo maana nywele hukatika zikaacha vidoti vyeusi au kipara cha mviringo chenye magamba kama majivu. Chochote utakachopaka juu, kiwe jani la porini au krimu ya dukani, hakifiki kule alikojificha. Dawa ya mapunye ni ya kumeza, na iliyozoeleka katika zahanati zetu kwa miaka mingi ni griseofulvini, ambayo mtoto huimeza kila siku kwa wiki 6 hadi 8 kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Wanaopenda dawa za asili nawapa habari hii bila kejeli: griseofulvini haikubuniwa na mtu, bali ilitolewa na watafiti nchini Uingereza mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu wa jamii ileile inayotupa penisilini. Jambo jingine ambalo mara nyingi husahaulika kuambiwa mzazi ni kwamba dawa hii hunyonywa vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Nilikuwa nawaambia akina mama wampe mtoto kidonge mara tu baada ya wali wa nazi au mboga iliyoungwa kwa karanga, na sikumbuki kuwahi kutoa ushauri wa kidaktari uliopokewa kwa furaha kiasi hicho.

Nitasimulia kisa kimoja ambacho sijakisahau. Nikiwa katika zahanati moja ya vijijini upande wa Newala, aliletwa mvulana wa darasa la tatu, amefungwa kitambaa kichwani, ameshikwa mkono na bibi yake. Nilipofungua kitambaa nilikuta uvimbe laini mkubwa kama nusu ya chungwa, unaotoa usaha kwa vitundu vingi vidogo kama chujio, nywele zake zinang’oka kwa kuguswa tu, na kuzunguka uvimbe huo ngozi imeungua na kuwa nyeusi, imechubuka hadi nyuma ya sikio. Bibi alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa hesabu. Mtoto alianza na mapunye ya kawaida, akapakwa kitunguu saumu kilichopondwa kwa siku kadhaa, yakaendelea, kisha jirani akashauri mafuta ya maganda ya korosho, nayo yakapakwa mara mbili. Uvimbe ulipotokea alipelekwa kwa mtu mmoja aliyejiita mtaalamu, ambaye alidhani ni jipu, akalipasua kwa wembe. Ikatoka damu na usaha kidogo tu, kisha hali ikawa mbaya zaidi. Ule uvimbe haukuwa jipu. Ni mwili wenyewe uliokuwa unapigana kwa hasira na fangasi wa mapunye, na kidonda cha namna hiyo hakipasuliwi, kwa kuwa hakuna mfuko wa usaha wa kukamuliwa. Hutibiwa kwa dawa ileile ya kumeza, na mara nyingine dawa ya kutuliza uvimbe chini ya usimamizi wa daktari. Mtoto yule alipona baada ya karibu miezi miwili, lakini pale palipoungua na kupasuliwa nywele hazikuota tena.

Mafuta ya maganda ya korosho yanastahili aya yake, maana hakuna mkoa unaoyajua kama wetu, na hata hivyo bado tunayapaka watoto. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho kienyeji anajua kinachotoka kwenye ganda likichomwa: maji mazito meusi yanayoruka na kushika mikono, yakaacha ngozi ya vidole imekuwa nyeusi, imepasuka na kuvuka kama ya nyoka. Wanawake wabanguaji hupaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi, na hawafanyi hivyo kwa mapambo. Ndani ya mafuta hayo mna asidi ya anakadiki na kemikali iitwayo kadoli, ambazo huunguza ngozi na kuamsha mzio mkali. Ni kweli kwamba yanaua vimelea, na ni kweli kwamba yametumika tangu zamani katika nchi nyingi kwa choa, sugu na hata vidonda vya ukoma. Mtu akiunguza ngozi kwa kiasi cha kutosha, chochote kilichokuwa juu yake kitaondoka pamoja nayo. Lakini kuyapaka kwenye kichwa cha mtoto ni kuchoma nyumba kwa ajili ya kunguni.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba mkulima wa korosho wa hapa kwetu anaufahamu ukungu, yaani fangasi wa mimea, kuliko anavyodhani. Ubwiriunga, ule unga mweupe unaofunika maua ya mkorosho na kuyakausha kabla hayajashika, ni ugonjwa wa ukungu, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamewafundisha wazazi wetu na sisi namna ya kupambana nao. Hakuna mkulima anayepulizia salfa siku moja mwezi Juni kisha akakunja mikono akingoja mavuno. Anapuliza alfajiri wakati umande upo na upepo umetulia, anarudi baada ya wiki mbili, anarudi tena, hadi maua yamepita hatari. Wala hachanganyi ubwiriunga na mbu wa mikorosho, kwa kuwa anajua kwamba salfa haiui mdudu na dawa ya mdudu haiui ukungu. Mkulima huyohuyo akirudi nyumbani na kuona choa kwenye shingo ya mwanawe, anapaka kitu siku tatu, anaona muwasho umetulia, anaacha, na choa kikirudi anasema dawa imeshindwa. Katika zahanati nilizofanyia kazi nilikuwa nauliza swali moja tu, “Mkorosho wako ungeutibu hivi?”, na wengi walicheka wakaelewa.

Nimeitaja salfa, kwa hiyo lazima niseme na hili. Salfa ni dawa ya ngozi ya tangu zamani, na malhamu na sabuni zake hutumika kwa upele na kwa mba. Hiyo ni salfa iliyosafishwa na kupimwa kwa ajili ya ngozi. Ile ya mfuko wa shambani husagwa kwa ajili ya majani ya mti, huingia machoni na kifuani, na haikupimwa kwa ajili ya paja la mtu. Hatari zaidi ni vile viuatilifu vya maji. Baadhi yake ni vya ukoo mmoja na klotrimazoli tunayopaka kwenye choa, na nimekutana na kijana mmoja aliyelijua hilo nusu, akajipaka kinena kwa kilichobaki kwenye chupa. Udugu wa dawa hauhamishi kipimo chake, wala haufuti kemikali za kuyeyushia zilizomo kwenye chupa ya shambani.

Sasa nije kwenye choa cha mwilini, mahali ambapo majani yana haki ya kusikilizwa. Choa huenea kama moto wa kuandaa shamba: katikati pameungua pametulia, ukingoni ndiko unakowaka. Watu wengi hupaka dawa katikati, panapoonekana pabaya kwa rangi, na kuuacha ukingo ambao ndio wenye fangasi walio hai. Dawa yoyote, iwe ya jani au ya tyubu, inapaswa kupakwa kwenye ukingo wote na kuvuka nje yake kama upana wa kidole, asubuhi na jioni, kwa wiki 2 hadi 4, na kuendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Nina hakika kwamba dawa nyingi za asili zilizotupwa kwa madai kuwa hazifai zilitupwa kwa sababu zilipakwa katikati ya duara kwa siku nne.

Jani ninaloliheshimu kuliko yote kwa kazi hii halikuwamo hata katika orodha ya gazeti lako. Ni lile la mti mfupi ambao kila kijiji kina jina lake, wenye majani makubwa yaliyopangana mawili mawili na maua ya njano yanayosimama wima kama mishumaa iliyowashwa. Kwa wataalamu wa mimea unaitwa Senna alata. Huota penye maji, kando ya mito na mabonde, na wazee huponda majani mabichi na kusugua ule utomvu wake juu ya choa. Ndani yake mna asidi ya krisofaniki, ambayo huzuia fangasi. Wizara ya afya ya Ufilipino iliuingiza mti huu katika orodha yake ya miti 10 ya dawa inayopendekezwa kwa wananchi, na India walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kuupima kwa wagonjwa wenye mba wa mwilini, yakawa ya kutia moyo. Anayeutumia akumbuke tu kwamba ni wa kupaka, kwa kuwa ni ndugu wa sanamaki, ile dawa ya kuharisha, na ukinywewa tumbo litajibu.

Mwarobaini una sifa kubwa kuliko ushahidi wake katika jambo hili. Maabara nyingi zimeonyesha kwamba rojo la majani na mafuta ya mbegu zake huzuia fangasi kwenye sahani ya kupimia, lakini sahani si ngozi yenye jasho la Mtwara mwezi Februari. Jina lake limetokana na imani kuwa hutibu maradhi arobaini, na watu wamelichukua jina kama orodha. Kuogea maji yaliyochemshiwa majani yake sina pingamizi nako. Kumnywesha mtoto mdogo mafuta ya mbegu zake ninakupinga kwa nguvu zote, maana kumewahi kuleta degedege, kuharibu ini na kuua watoto wachanga katika nchi nyingine.

Kuhusu kitunguu saumu ninazungumza kama mwathirika. Nilipokuwa kijana kazini nilipata fangasi katikati ya vidole kwa sababu ya kuvaa buti za mpira masika nzima, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba kitunguu saumu kina uwezo wa kuua fangasi, nilikiponda, nikakiweka kati ya vidole viwili, nikafunga bendeji na kulala. Usingizi haukufika alfajiri. Nilipofungua nilikuta lengelenge la ukubwa wa korosho na ngozi imetoka na bendeji, na kwa siku nane nilihudumia wagonjwa nikiwa nimevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine, huku muuguzi mwenzangu akiwaeleza kisa hicho kabla hawajaniuliza. Nilichokuwa sijakisoma vizuri ni kwamba majaribio yaliyofanikiwa yalitumia kemikali moja, ajoeni, iliyotolewa ndani ya kitunguu na kuchanganywa katika krimu kwa kipimo maalumu, wala si kitunguu kibichi kilichofungwa usiku kucha. Ndimu nayo ina hila yake: ukijipaka kisha ukatoka juani, maji yake na mwanga wa jua huungana kuiunguza ngozi na kuacha madoa meusi ambayo hukaa miezi. Siki isiyopunguzwa kwa maji huchoma vilevile.

Asali ningependa isitajwe kwa haraka, kwa kuwa mkoa wa Lindi una misitu na una warina asali. Utafiti mdogo uliofanyika Dubai na kuchapishwa mwaka 2004 ulipaka mchanganyiko wa asali, mafuta ya zeituni na nta ya nyuki kwa wagonjwa wa choa, fangasi wa kinena na mba, na wengi wao walipata nafuu. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siusimamishi kama shahidi wa mwisho, lakini angalau haumwunguzi mtu.

Ninakumbuka pia kwamba neno “asili” linatuchezea. Mwarobaini umetoka bara la India, mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na mti wenye maua ya mishumaa asili yake ni Amerika. Kwa upande mwingine, ile malhamu ya dukani yenye asilimia 6 ya asidi ya benzoiki na asilimia 3 ya asidi ya salisiliki, ambayo wengi huiita ya kizungu, ina kiungo ambacho kilipatikana kwanza kwenye ubani uliokuja na majahazi kutoka visiwa vya Asia, ubani ambao bibi zetu walifukizia nguo. Malhamu hiyo bado ni nzuri kwa choa na kwa nyayo, ni ya bei nafuu, ila haifai kupakwa usoni wala kwenye kinena kwa kuwa huwasha ngozi laini.

Mafuta ya nazi nayo yamo katika orodha, na ndiyo niliyosema kuwa mara nyingine humlisha adui. Kwa choa kikavu yanaweza kulainisha magamba na kupunguza muwasho. Lakini yule fangasi wa mba wa mwilini hustawi kwenye mafuta, na kijana anayejipaka nazi mwili mzima kila asubuhi kisha akaingia kwenye jasho la mchana anamwandalia karamu. Mba huitikia vizuri sabuni au shampuu yenye salfa au seleniamu, ikiachwa mwilini kwa dakika chache kabla ya kuoshwa. Hapa kuna jambo linalowavunja moyo wengi: fangasi anaweza kuwa amekufa na madoa meupe yakabaki kwa wiki au miezi, kwa sababu ngozi inahitaji muda kurudisha rangi yake. Mgonjwa huona doa, hudhani dawa haikufanya kazi, huhamia kwenye kitu kikali zaidi.

Kitu hicho kikali zaidi mara nyingi ni kopo lisilo na jina. Katika minada na magulio yetu huuzwa mafuta ya kijani au ya kahawia yanayoitwa ya mitishamba, na muuzaji husifu kwamba muwasho utakwisha kwa siku mbili. Ahadi hiyo ndiyo inayonitia shaka, kwa kuwa hakuna jani ninalolijua linalotuliza choa kwa siku mbili, ila ipo steroidi, dawa ya kiwandani ya kutuliza uvimbe na muwasho, inayofanya hivyo. Nchini Uingereza mwaka 1999 madaktari walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizotolewa kwa wagonjwa wa ngozi, na 8 kati yake zilikuwa na steroidi iitwayo dexamethasoni, ambayo haikuandikwa popote. Steroidi hutuliza hasira ya ngozi, ukingo wa choa ukafifia, na chini yake fangasi huendelea kula kwa raha. Baada ya wiki chache huenea kwa sura ambayo hata tabibu hushindwa kuitambua. Krimu za dukani zinazochanganya steroidi na dawa ya fangasi zina tatizo hilohilo, na India imekuwa ikihangaika kwa miaka mingi na choa sugu ambacho matumizi holela ya krimu hizo yamekichochea. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na tuna Baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Mganga aliyesajiliwa haoni haya kuonyesha cheti, na kopo lenye namba ya usajili lina mtu wa kuulizwa likimwunguza mteja.

Halafu kuna doa ambalo si fangasi. Mtu akiwa na baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi yake, haliwashi, na likiguswa kwa unyoya wa kuku au ncha ya pamba huku amefumba macho hahisi kitu, aache majani yote na aende hospitali siku hiyohiyo. Huo unaweza kuwa ukoma, ambao haujaisha nchini, unapona kabisa kwa vidonge, na dawa zake hutolewa bure. Nimepokea watu waliopaka dawa za mba kwa mwaka mzima juu ya baka la namna hiyo, na walipofika vidole vilikuwa vimeanza kujikunja. Vilevile, fangasi anayerudi kila mara au anayeenea mwili mzima kwa mtu mzima anatutaka tupime kisukari na Virusi vya Ukimwi kabla ya kubadilisha tyubu.

Kuhusu kuambukizana sitasema mengi, kwa kuwa msomaji anaijua nyumba yake. Kofia moja inayovaliwa na ndugu watatu kwenda madrasa, kitana cha familia, wembe mmoja wa kuwanyolea watoto siku za jando, na mashine ya kinyozi inayofutwa kwa tambara tu kati ya mteja na mteja, hizo ndizo njia za mapunye. Kinyozi wangu, baada ya mazungumzo yetu, ameanza kusafisha meno ya mashine kwa brashi kuondoa nywele kisha kwa spiriti, na ameniambia kwamba wateja wamelipenda hilo kuliko redio yake mpya.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya utakapochapisha tena dawa za asili za fangasi, kila dawa itajwe pamoja na sehemu ya mwili inayohusika, muda wa kuitumia, na jambo linaloweza kwenda mrama, na pale penye mapunye paandikwe wazi kwamba mtoto apelekwe zahanati akameze dawa. Najua kwamba si kila zahanati huwa na griseofulvini kila wiki, nami nimewahi kumrudisha mama mikono mitupu zaidi ya mara moja. Hata hivyo afadhali mzazi ajue anachokitafuta, akiulizie na katika hospitali ya wilaya au duka la dawa lenye mfamasia, kuliko kurudi nyumbani akapasue ganda la korosho.

Kinyozi amekubali kukibandua kile kipande siku nitakapomletea kingine cha kuweka mahali pake. Kioo chake ni kidogo, kwa hiyo ukilazimika kuipunguza barua hii, naomba uniachie sehemu ya mapunye.

Wako,
Tabibu mstaafu na mkulima wa korosho,
Mikindani, Mtwara.